Moshi wa Kila Siku, Ripoti ya Kila Mwaka

Wahenga walinena kwamba panapofuka moshi pana moto. Walisema kweli. Lakini hawakutuambia ni nani anayepaswa kuuandika moshi huo daftarini, wala auandike mara ngapi. Hilo ndilo swali lililonisumbua mwaka huu, na ndilo nitakalojaribu kulieleza hapa kadiri ya uwezo wangu. Usidhani ni swali la wataalamu pekee. Ni swali la kila mwenye pua.

Swali lenyewe lilianzishwa na shangazi yangu. Shangazi anaishi Kibera, upande wa Laini Saba. Kila alfajiri yeye hutoka na wenzake, wakaifuata reli kwa miguu hadi Eneo la Viwanda kutafuta kibarua. Akipata, hushinda huko kutwa. Akikosa, hurudi kwa njia ile ile. Jioni huwasha jiko la makaa akawapikia wanawe. Kwa hivyo yeye huvuta moshi wa viwanda mchana, na usiku huvuta moshi wa mtaa. Likizo ya Aprili alikuja kwetu Kawangware kumjulia hali mama. Alinikuta nikisoma habari za viwanda na uchafuzi wa hewa.

"Wanasema nini hapo?" akaniuliza.

"Wanasema, Shangazi, kwamba kiwanda kinatakiwa kupeleka ripoti serikalini kila mwaka."

"Mara moja kwa mwaka?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia akasema, "Haya basi. Sisi tunakohoa kila siku. Kwani hiyo ripoti itaandika kikohozi cha siku gani?"

Nilikosa jibu. Muhula wa pili ulipofunguliwa nilimwendea mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili, nikamweleza. Akaniambia, "Litafute jibu, kisha uliandike kwa Kiswahili ambacho huyo shangazi yako angekielewa. Hapo utakuwa umefanya kazi ya chama." Makala haya ndiyo kazi hiyo.

RIPOTI YA MOSHI NI NINI?

Tuanze na mwanzo. Kiwanda kinachochoma mafuta mazito, makaa ya mawe, kuni au taka hutoa vitu vingi kupitia dohani, yaani bomba la moshi. Kuna chembechembe za masizi na vumbi. Kuna gesi, kama vile dioksidi ya salfa inayochoma koo, oksidi za nitrojeni, na monoksidi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu. Viwanda vinavyoyeyusha metali huweza pia kutoa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa kila mtu, hasa kwa watoto.

Chembechembe zinazoogopwa zaidi ni zile ndogo mno, zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa chako unakaribia kuwa mnene mara 30 kuliko chembe hiyo. Vumbi kubwa hunaswa puani, ukapiga chafya likatoka. Hizi ndogo hupita, zikaenda hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu.

Ripoti ya moshi, basi, ni maelezo ya kiwanda juu ya vitu hivyo: kimetoa nini, kwa kiasi gani, na katika muda gani. Hesabu hiyo hupatikana kwa njia 2 kuu. Ya kwanza ni kupima. Fundi hupanda kwenye dohani, akaingiza kifaa kinachovuta moshi na kuupima. Ya pili ni kukadiria. Kiwanda huandika kilichoma lita ngapi za mafuta, kisha kikazidisha kwa kiwango kinachojulikana cha moshi unaotoka katika kila lita.

Njia ya pili ni rahisi, haina gharama kubwa, na hutumika sana duniani. Walakini ina udhaifu wake. Inachukulia kwamba mashine zilikuwa nzima na kazi ilikwenda sawasawa siku zote. Siku ambayo kichujio cha moshi kilipasuka, hesabu ya lita haitakuambia.

SHERIA YETU YASEMAJE?

Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999, nayo ikaanza kutumika Januari 2000. Sheria hiyo ndiyo iliyoizaa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira. Kifungu cha 68 kinamtaka mwenye mradi uliofanyiwa tathmini ya athari za mazingira aweke rekodi sahihi, na apeleke ripoti kila mwaka kwa NEMA akieleza ni kwa kiasi gani anayatimiza yale yaliyoandikwa katika tathmini hiyo. Mwaka 2003 zikaja kanuni za tathmini na ukaguzi wa mazingira. Mwaka 2014 zikaja kanuni za ubora wa hewa, zilizoweka viwango vya moshi unaoruhusiwa kutoka katika dohani, na viwango vya hewa ambayo sisi wengine tunaivuta. Leseni ya kiwanda nayo inaweza kuwa na masharti ya kupima zaidi ya hapo.

Juu ya yote hayo pana Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Zingatia hayo maneno, "kila mtu". Hayakumtaja mkazi wa Lavington peke yake. Yalimtaja na yule anayeshuka matatu pale Kawangware 56, akavuka mtaro kwenda kwake.

Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba nchi haina sheria. Sheria ipo. Linalobaki ni swali la Shangazi: hiyo mara moja kwa mwaka yatosha?

KASORO YA WASTANI

Hebu tuchukue mfano wa darasani. Tuseme shule yetu haina majaribio ya kila wiki, haina mtihani wa kati ya muhula wala wa mwisho wa muhula. Kuna ripoti moja tu, mwezi wa Novemba. Mwanafunzi aanze kuporomoka Februari. Mzazi atajua lini? Novemba. Na hata hiyo Novemba ataona alama moja ya wastani, isiyomwambia kama mtoto alianguka kwa sababu ya ugonjwa wa Machi au uvivu wa Julai. Mzazi huyo hawezi kumsaidia mtoto wake. Anaweza tu kusikitika.

Sasa tuchukue kalamu na karatasi. Huu ni mfano wa hesabu tu, usiutafute mahali popote. Tuseme hewa karibu na dohani fulani ina kipimo cha 20 kwa siku 350 za mwaka. Kisha kwa siku 15 mashine inaharibika, kipimo kinapanda hadi 200. Zidisha 350 kwa 20, upate 7,000. Zidisha 15 kwa 200, upate 3,000. Jumla ni 10,000. Gawanya kwa siku 365, upate kama 27.

Ripoti ya mwaka itaandika 27. Ukiitazama nambari hiyo haitishi, ni jirani tu wa 20. Lakini zile siku 15 zimekwenda wapi? Zimemezwa na wastani. Mtoto mwenye pumu hakuvuta 27. Alivuta 200, tena kwa siku 15.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo mpya wa hewa mwaka 2021, liliweka vipimo 2 kwa zile chembechembe ndogo. Wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15. Kama kipimo cha mwaka kingetosha, hicho cha siku kingewekwa cha nini? Wataalamu wanajua kwamba kuna madhara yanayojengeka polepole kwa miaka, na kuna madhara yanayomkamata mtu usiku mmoja.

DAFTARI LANGU LA AGOSTI

Karibu na kwetu Kawangware kuna karakana ya kuyeyusha vyuma chakavu. Siitaji jina, kwani sikuja hapa kumshtaki mtu. Likizo ya Agosti niliamua kuifanyia jaribio. Kwa siku 21 nilisimama mlangoni mwetu mara 3 kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 3 usiku. Kila mara niliandika moja kati ya maneno 3: hakuna, kidogo, mwingi. Sikuwa na chombo chochote ila macho na daftari la kurasa 32.

Baba aliniona usiku wa kwanza akaniuliza ninaandika nini. Nilipomweleza akasema, "Andika tu. Maana wenyewe wakija kukagua, watakuja mchana, na mchana hapo pametulia kama kanisa siku ya Jumatatu."

Nilipomaliza nilikuwa na maandishi 63. Neno "mwingi" lilitokea mara 8. Mara zote 8 zilikuwa usiku, hasa Ijumaa na Jumamosi. Saa 6 mchana halikutokea hata mara moja. Kumbe Baba alisema kweli! Mkaguzi ambaye angekuja siku yoyote kati ya hizo 21, adhuhuri, akiwa na kalamu yake na nia njema, angeandika kwamba hapa hakuna tatizo. Wala asingekuwa mwongo. Angekuwa ameangalia mara moja tu, na kwa saa isiyofaa.

Mdogo wangu wa kike ana pumu. Katika ule usiku 8 wa moshi mwingi, aliamka akikohoa mara 5. Katika usiku 13 uliobaki, aliamka mara 2. Sidai kwamba huo ni uthibitisho. Agosti ya Nairobi ina baridi, na majirani nao wana majiko yao. Huenda kuna sababu nyingine nisizoziona. Lakini nikiulizwa kama ningependa karakana ile iandike moshi wake mara moja kwa mwaka au usiku kwa usiku, sitafikiri mara mbili.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba wazo langu halikuwa geni. Mwaka 2016 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yapo hapa hapa Gigiri, lilitundika vifaa vidogo vya bei nafuu vya kupimia hewa sehemu mbalimbali za Nairobi, na shule moja ya Kibera ilikuwa miongoni mwazo. Kifaa cha namna hiyo hakilali, hakiendi likizo, na hakimjulishi mtu kwamba kitakuja kukagua Jumanne.

YALIYOWAPATA WENGINE

Usije ukadhani jambo hili ni la mitaa yetu pekee. Kuna wakubwa waliokwisha kulipia somo hili kwa maisha ya watu. Mwezi wa Desemba mwaka 1952, jiji la London lilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe uliochanganyika na ukungu. Ilikuwa baridi, hapakuwa na upepo, na moshi wa nyumba na viwanda ukakosa pa kwenda. Hali hiyo ilidumu siku 5, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 9. Hesabu ya kwanza ilisema watu wapatao 4,000 walikufa. Utafiti wa baadaye ulikadiria kama 12,000. Mwaka 1956 Uingereza ikapitisha Sheria ya Hewa Safi.

Fikiri, msomaji: siku 5 tu. Mwaka una siku 365. Katika wastani wa mwaka, siku 5 ni kama chumvi iliyomwagwa mtoni.

Turudi nyumbani. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Mtaa ulikuwa umekigusa kabisa. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga akiugua. Alipopimwa alikutwa na sumu ya risasi katika damu. Mama huyo akawaamsha wenzake, wakadai kiwanda kifungwe. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 yeye akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama zikagawanywa kati ya kampuni na idara za serikali. Kesi ikaendelea kupanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliurudisha uamuzi huo wa fidia.

Haki ilipatikana, lakini hesabu miaka. Mtoto aliyekuwa ananyonya kiwanda kilipofungwa, kesi ilipofika mwisho alikuwa na umri wa kwenda shule ya upili karibu. Sisemi kwamba ripoti za mara kwa mara peke yake zingewaokoa watu wa Owino Uhuru, maana makosa yalikuwa mengi. Ninachosema ni kwamba pale damu ya mtoto ndiyo iliyogeuka ripoti. Mtoto si kipimo. Kipimo kikae kwenye dohani.

MARA NGAPI ZATOSHA?

Nchi mbalimbali zimelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Kule Marekani, viwanda vikubwa zaidi huhesabiwa moshi wake kila mwaka, na vile vidogo kidogo kila baada ya miaka 3. Lakini mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme ina kanuni kali zaidi. Baada ya sheria yao ya hewa kurekebishwa mwaka 1990, mitambo hiyo ilitakiwa kuwa na vipimo ndani ya dohani vinavyoandika saa kwa saa, na hesabu hizo hupelekwa serikalini kila baada ya miezi 3.

China ilichukua hatua nyingine tangu Januari 2014. Viwanda vikubwa vyenye mashine za kujipima viliamriwa kuutangazia umma vipimo vyao. Kwa upande wa gesi, kinachotangazwa ni wastani wa kila saa. Mwananchi anaweza kujua saa 4 asubuhi kilichotoka katika dohani saa 3.

Ukitazama vizuri utaona kwamba kuna maswali 2 hapa, nasi huyachanganya. Kupima mara ngapi ni jambo moja. Kupeleka ripoti mara ngapi ni jambo lingine. Kiwanda kinaweza kupima kila saa na kikatoa ripoti kila baada ya miezi 3, na ripoti hiyo ikawa nzuri, kwa sababu kila saa imo ndani yake. Kinaweza pia kutoa ripoti kila mwezi ilhali hakijapima kitu, kinazidisha lita kwa kiwango tu. Hiyo itakuwa hesabu ile ile iliyovaa nguo 12.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Katika mdahalo mwema mtu husikiliza na upande wa pili. Nilimpelekea mwalimu wetu wa kemia rasimu ya makala haya, naye akanipa hoja 3 ambazo sikuweza kuzipuuza.

Ya kwanza ni gharama. Kupima moshi wa dohani kunahitaji maabara, mafundi na vifaa. Kiwanda kikubwa kitamudu. Mwenye karakana ya wafanyakazi 6 huenda akafunga, na hao 6 wakarudi mtaani bila kazi. Shangazi yangu anaishi kwa kibarua, kwa hivyo hoja hii najua uzito wake.

Ya pili ni wingi wa karatasi. Ripoti zikija kila mwezi na maofisa ni wachache, zitarundikana mezani zisomwe na panya. Ripoti 12 zisizosomwa hazina thamani ya ripoti 1 iliyosomwa.

Ya tatu ni kwamba moshi mwingi wa Kibera na Kawangware hautoki katika dohani yoyote iliyosajiliwa. Unatoka katika majiko ya makaa, takataka zinazochomwa kando ya njia, magari makuukuu na karakana za jua kali. Hakuna anayeuandikia ripoti moshi huo, si kila mwaka wala kila siku.

Hoja zote 3 ni za kweli. Lakini zinatuambia tupange kwa akili. Hazituambii tukae kimya. Mimi naona kanuni iwe moja: muda kati ya ripoti na ripoti uwe mfupi kuliko muda unaotosha kumdhuru mtu. Kutokana na hiyo, ningependekeza hivi:

Kwanza, kiwanda kikubwa, au chochote kinachoshughulika na sumu kama risasi, kiwe na kipimo kisichosimama, na kitoe ripoti kila baada ya miezi 3.

Pili, kiwanda cha kadiri kipimwe na kutoa ripoti mara 2 kwa mwaka, mara moja wakati wa mvua na mara moja wakati wa kiangazi.

Tatu, karakana ndogo iendelee na ripoti ya mwaka, lakini itembelewe ghafla, pamoja na nyakati za usiku. Ziara moja ya saa 3 usiku ingeona nilichokiona mimi.

Nne, kiwanda chochote, kikubwa au kidogo, kichujio chake kikiharibika, kitoe taarifa siku hiyo hiyo, na majirani waambiwe wafunge madirisha na kuwaingiza watoto ndani. Hili halihitaji maabara. Linahitaji simu tu.

Tano, kwa ule moshi usio na mwenyewe, vifaa vidogo vya kupimia hewa viwekwe mashuleni na zahanati za mitaa. Vitatuambia hewa yetu ikoje hata kama mwenye kuichafua hajulikani.

NANI ATAKAYEISOMA?

Limebaki jambo moja, na hili linatuhusu sisi watu wa Chama cha Kiswahili. Ile sheria ya mwaka 1999, katika kifungu cha 123, inamruhusu mtu kuziona rekodi zilizopelekwa NEMA. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Kupata Habari ili haki hiyo itekelezeke. Kwa hivyo Shangazi ana haki ya kuisoma ripoti ya kiwanda anachopita kila asubuhi.

Lakini ripoti hizo huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kurasa kwa kurasa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Basi kwa nini langoni mwa kiwanda kusiwe na ubao wenye mistari 3 ya Kiswahili: mwezi huu tumetoa kiasi hiki; kiwango kinachoruhusiwa ni hiki; siku tulizozidisha ni hizi? Ripoti inayokwenda ofisini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikia yule anayevuta hewa yenyewe. Na ripoti ikiwa na wasomaji elfu moja mtaani, ofisa aliyelemewa na karatasi atakuwa amepata wasaidizi.

Mwezi wa Septemba nilikwenda Kibera siku ya Jumapili nikamsomea Shangazi rasimu hii, mstari kwa mstari. Alisikiliza huku akichambua sukuma wiki. Pale penye hesabu ya 27 aliniambia nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Sasa nimeelewa. Wanachukua siku mbaya wanazificha katikati ya siku nzuri." Hakuna mwalimu wa hisabati aliyewahi kunieleza wastani kwa ufupi kama huo.

Nilipoaga alinisindikiza hadi kwenye reli. Upande wa mashariki, kule kwenye viwanda, palikuwa na wingu jeusi kidogo. Tuliliangalia pamoja. Akaniuliza, "Na hilo la leo, limeandikwa?"

Mpenzi msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Daftari langu la Agosti nimelikabidhi chamani, na lina kurasa nyingi tupu. Likizo ya Desemba inakuja. Anayeishi karibu na dohani, iwe Kawangware, Kibera, Kariobangi au kwingineko, achukue daftari lake, asimame mlangoni mara 3 kwa siku, aandike. Muhula ujao tutayalinganisha. Tukianza kuandika sisi wenyewe kila siku, hatutashindwa kuwauliza wakubwa kwa nini wao wanaandika mara moja kwa mwaka.